Chumvi Inakula Lori Kuanzia Chini

Ukitaka kujua lori la pwani limechoka kiasi gani, usianze kwenye kebini wala kwenye rangi ya bodi. Lala chini. Tazama pale hanga za springi za nyuma, yaani vishikio vyake, zinaposhikana na chesesi, ile fremu ndefu inayobeba lori, halafu tazama vyuma vinavyokingama kati ya reli zake mbili ndefu, hasa kile kilicho juu ya difu, gia ya ekseli ya nyuma. Kutu huanzia hapo, na mnunuzi asiye na haraka huupata hapo ukweli ambao muuzaji hatausema.

Nimekulia kwenye malori. Baba aliendesha kati ya Mtwara na Dar es Salaam enzi za kuvuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Lori lilirudi nyumbani na tope la Ndundu na Somanga limegandia chini, na sisi watoto ndio tuliolibandua kwa vijiti. Sasa ninasimamia Fuso mbili za familia, makao yetu Lindi mjini. Kiangazi tunabeba chumvi, msimu ukifunguliwa tunabeba korosho, salfa ikifika tunapeleka kwa wakulima, na katikati ya hapo simenti na mali za dukani. Mzigo unaolipa vizuri ni korosho. Mzigo unaoharibu lori ni chumvi, na hata anayeilipia hajui gharama yake. Nawaandikia wenzangu wenye lori moja au mawili, ambao chesesi ikikatika njiani hakuna lori jingine la kuziba pengo.

Kwanza tuelewane ni nini kinachotokea huko chini. Chuma hupata kutu kwa sababu ya maji na oksijeni ya hewani. Chumvi ikiyeyuka kwenye maji hayo, umeme mdogo unaopita kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine hupata njia rahisi, na kutu inakwenda mbio. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Lakini maji yanayochuruzika kutoka kwenye viroba vya chumvi mbichi iliyotoka shambani ni makali mara kadhaa kuliko ya bahari, kwa kuwa yamekwishakolezwa na jua. Yanapenya kati ya mbao za bodi na kudondokea juu ya reli za chesesi, yanatuama kwenye pembe, yanabaki.

Tena chumvi huvuta unyevu. Hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi, chumvi ya kawaida huanza kulowa yenyewe bila tone la mvua, na asubuhi za pwani yetu huvuka kiwango hicho mara nyingi. Chumvi mbichi ya baharini ina pia magnesi, na ile magnesi huvuta unyevu hata hewa ikiwa kavu sana, asilimia 33 tu inatosha. Ndiyo maana dereva anaweza kuapa kwamba lori halijaona maji tangu mwezi wa sita, na ukipitisha kidole nyuma ya tangi la upepo wa breki kikatoka na majimaji. Hasemi uongo. Lori halikauki.

Salfa nayo ina yake. Ule unga wanaopuliza kwenye mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, ukimwagika na kukutana na unyevu juu ya chuma, polepole hutengeneza tindikali. Wenzetu wanaobeba makaa ya mawe ya Ruvuma kuyaleta bandarini Mtwara wana tatizo la jamii hiyohiyo, maana vumbi la makaa lina salfa ndani yake. Lori linalobeba salfa mwezi huu na chumvi mwezi ujao linashambuliwa pande zote mbili.

Aliyenifundisha kutazama chini ni fundi mmoja mzee wa Mikindani. Tulipokuwa tunatafuta Fuso ya pili nilimpitia, tukaenda wote Mtwara mjini kuitazama moja iliyokuwa inauzwa. Chini ilikuwa nyeusi inayong'aa. Muuzaji akatuambia kwa fahari kwamba imepigwa dawa ya kutu juzi tu. Mzee akamwamkia vizuri, akaomba nyundo ndogo, akaingia chini na kuanza kugonga reli taratibu kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima hulia. Alipofika kwenye hanga za nyuma mlio ukafa, ile lami nyeusi ikapasuka, na magamba ya kutu yakamwagika kifuani kwake.

Akatoka, akajifuta, akanivuta pembeni. "Mwanangu, hii dawa haikupakwa kukinga chuma. Imepakwa kukifunika."

Hatukuinunua. Tuliyoinunua baadaye ilikuwa mbaya kwa macho, nyekundu ya kutu ya juujuu kila mahali, lakini ililia kuanzia bampa hadi mkiani.

Lami ya kupuliza, ile yenye mpira ndani yake, si kitu kibaya. Ikipakwa juu ya chuma kipya, kisafi na kikavu inakinga kokoto vizuri, na inapunguza kelele. Tabu yake ni kwamba inakauka na kuwa gamba. Kwenye vumbi na kokoto za njia za Tandahimba na Newala gamba hilo hupata nyufa ndogo usizoziona, maji ya chumvi yanaingia kwenye ufa na kusambaa chini yake, kisha hayana pa kutokea. Kutu ikizaliwa humo inahitaji nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inainua lami, inatengeneza mfuko, na mfuko unajaa tena. Kwenye viungo vya bati mbili zilizofungwa kwa riveti nguvu hiyo hupinda bati na kukata riveti. Kwa nje unaona weusi safi. Kwa lori kuukuu la pwani, mimi silipii lami mahali popote isipokuwa ndani ya madigadi, na hapo pia baada ya kuhakikisha chuma ni kizima.

Yule mzee alitoka kwenye ukoo wa mafundi wa mashua, na alikuwa akinieleza habari za chesesi kwa habari za deheni. Chombo hupandishwa pwani kwenye bamvua, hukwanguliwa, huachwa kikauke, ndipo chini hupakwa deheni ya shahamu na chokaa. Deheni haibaki milele, na hakuna nahodha anayetegemea ibaki milele. Anajua itaisha, na anajua atarudia. "Nyinyi wa malori," aliniambia, "mnataka kupaka mara moja mpaka lori life." Nimeyashika maneno hayo kuliko karatasi yoyote ya maelekezo niliyosoma kwenye makopo ya dawa. Kwa mazingira yetu dawa nzuri ni ile inayobaki laini, inayojipenyeza yenyewe, na ambayo mwakani unaweza kuiongezea bila kubandua ya zamani.

Dawa za namna hiyo ziko za aina mbili kubwa. Iko ya nta, ambayo hukauka ikawa utando mlaini, na iko ya mafuta ya sufu ya kondoo, ambayo haikauki kabisa na hutambaa hadi ndani ya viungo ambako bunduki ya rangi haifiki. Sisi tuliagiza Dar es Salaam hiyo ya sufu kwa ajili ya chesesi, na ya nta kwa ajili ya sehemu zinazopigwa na maji ya matairi, kwa sababu ya sufu huoshwa haraka pale. Kazi nzima kwa Fuso moja, dawa pamoja na vibarua, haikufikia bei ya jozi ya matairi mapya.

Lakini dawa ni sehemu ndogo ya kazi hii. Kubwa ni maji.

Kuosha lori Lindi si shida, vijana wenye pampu wapo. Shida ni maji yanayotoka kwenye pampu. Visima vingi vya karibu na ufuo vina maji ya chumvichumvi, na ukioshea maji hayo unaondoa tope na kuacha adui. Kipimo chetu ni rahisi: mwaga maji kidogo juu ya kioo kisafi, weka juani, yakikauka tazama. Yakiacha ukungu mweupe unaokwaruzika kwa kucha, yafaa kwa kulainisha tope tu, si kwa suuza ya mwisho. Wapo wanaoteremsha lori hadi mto Lukuledi. Siwaungi mkono. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ya mto ndani ya mita 60 kutoka mtoni, watu wanayanywa maji hayo, na karibu na mdomo wa mto maji ya bahari huingia yakijaa, kwa hiyo hata faida uliyoifuata huipati.

Upande wa mama yangu ni Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji yako mbali chini ya ardhi na mwenye bati juu ya nyumba hukinga mvua. Nilichukua akili hiyohiyo. Paa la gereji yetu linamwaga kwenye tangi la plastiki la lita 5,000, na mvua za mwisho za mwezi wa nne tunazifungia humo. Maji hayo hayaguswi. Hayapikiwi, hayafuliwi, hayaoshi kebini. Ni ya suuza ya mwisho ya chesesi, basi. Mke wangu mwanzoni alinishangaa, sasa ndiye anayewafukuza watoto bombani.

Namna ya kuosha pia ina mpango wake. Tunalowesha kwanza kwa maji ya mwendo wa pole na kuliacha tope linywe, maana ukianza na presha kali unalisukuma tope kavu ndani ya pembe badala ya kulitoa. Kisha sabuni ya kukata grisi, kisha presha, kutoka juu ya reli kwenda chini, ndani ya reli na siyo nje tu. Matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya viungo na milango ya kebini tunayazibua kwa waya. Utasikitika ukiona kinachotoka humo: mchanga, maganda ya korosho, chumvi iliyoganda. Tunavua matairi ya nyuma na kuosha nyuma ya ngoma za breki, juu ya ekseli, na ule mgongo wa matangi ya upepo ambao hakuna anayeuona. Maji ya mvua yanakuja mwisho kabisa, kwa wingi, bila kubana matumizi.

Halafu lori linasimama. Siku mbili tatu, mahali penye upepo, limenyanyuliwa kidogo mbele ili maji yasituame. Hapa ndipo ninapogombana na watu, kwa sababu lori lililosimama halileti hela, na dereva wangu, ambaye ni mtu mzima na ninamheshimu, huniambia, "Tajiri, chuma kimekauka, mbona tunapoteza mzigo?" Namwomba ashike kati ya majani ya springi, au apulizie upepo wa kompresa kwenye kiungo cha hanga. Maji yanatoka. Ukifunga maji hayo kwa dawa umewalipa watu wakufugie kutu.

Wakati wenyewe tuliouchagua ni mwezi wa sita. Mvua zetu za kusini ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba na kuisha karibu na Mei. Mwezi wa sita kusi inavuma, hewa ina ubaridi na ukavu, mashamba ya chumvi bado hayajaanza kutoa, na korosho iko mbali. Ukipitisha hapo, chumvi itakukuta chuma kitupu. Ukisubiri hadi Septemba, lori limeshabeba chumvi na huwezi kulisafisha kwa uhakika ukiwa na haraka ya msimu wa korosho. Mwaka 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita mwanzoni mwa Mei na barabara kukatika Somanga, Fuso yetu moja ilikuwa kwenye foleni ya malori yaliyokwama. Iliporudi na tope hadi kwenye matangi ya mafuta tuliipeleka moja kwa moja kwenye maji, na kazi ya mwaka ule tukaianza mapema.

Chuma kikishakauka inakuja brashi ya waya. Kinachobanduka kibanduliwe, magamba yote, hata kama yanakatisha tamaa. Kutu ya juujuu iliyoshika sana inaweza kubaki chini ya dawa ya sufu au ya nta, kwa sababu dawa hizo huingia ndani yake na kuilowesha. Haiwezi kubaki chini ya lami wala chini ya rangi. Pale grenda inapofika kwenye chuma cheupe tunapaka rangi nyekundu ya kwanza na kuiacha ikauke sawasawa. Ziko pia dawa za kugeuza kutu, zenye tindikali ya fosforasi au ya magome, ambazo hugeuza utando wa kutu kuwa mweusi na mgumu. Zinasaidia kwenye kutu nyembamba tu. Ukizimwaga juu ya magamba zinageuza ngozi ya nje, ndani kunaendelea kuliwa.

Tena tunagonga nyundo, na tunasukuma ncha ya bisibisi kwenye kila kiungo. Ikipenya, kazi ya dawa imeishia hapo. Anaitwa fundi anayejua chesesi. Nasema anayejua, kwa sababu wapo wanaochomelea bati popote. Mbavu ya juu na ya chini ya reli ndizo zinazobeba mzigo, hazitobolewi wala hazichomelewi ovyo, na kiraka kibaya hukata reli pembeni yake siku lori limejaa magunia na liko kwenye mteremko wa Makonde. Kuchomelea kufanyike kabla ya dawa, kamwe si baada yake. Nta, sufu na lami vyote vinashika moto.

Kupuliza kwenyewe ni kazi ya nusu siku. Tunaanza saa nne asubuhi umande ukiwa umeondoka, tunamaliza kabla ya saa kumi. Mafundi wa rangi za meli hawapaki chuma kisipokuwa na joto la nyuzi 3 zaidi ya kiwango ambacho umande huanza kushika, na sisi tusio na vipimo tunaweza kulifuata hilo kwa kiganja: chuma kikiwa baridi kuliko hewa, subiri. Tangi la kompresa tunalimwaga maji kwanza, la sivyo bunduki inatema dawa na maji pamoja. Kopo la dawa tunaliweka juani ilegee. Kwa viungo vya ndani tunatumia mrija mrefu wenye kichwa kinachorusha pande zote. Unausukuma hadi mwisho, unafungua, unaurudisha taratibu. Bila mrija huo unapaka sehemu zinazoonekana tu, na kutu haikai sehemu zinazoonekana.

Utingo wetu ndiye mwenye mkono mzuri wa bunduki. Nilimwambia mara ya kwanza, "Mdogo wangu, orodha ya vitu vya kutopuliza ni muhimu kuliko ya vitu vya kupuliza," na akaishika. Ngoma na viatu vya breki vinafunikwa kwa mifuko. Bomba la moshi linafunikwa, la sivyo kebini itajaa harufu na moshi. Mipira ya breki na bushi za mpira hazilowi mafuta. Propela shafti haipakwi, kwa kuwa mzigo wowote wa upande mmoja unaifanya itikisike. Vitundu vya kupumulia vya chemba za breki na vya difu havizibwi. Na namba ya chesesi, ile iliyogongwa kwenye reli, tunaisafisha na kuipaka grisi nyepesi inayofutika, maana ukaguzi ukija askari anataka kuisoma, na kadi ya gari ina namba hiyohiyo.

Kuna jambo moja la hatari ambalo naliona kwenye gereji nyingi na linaniuma. Watu wanapulizia lori likiwa juu ya shimo, fundi yuko ndani ya shimo. Mvuke wa thina na wa dawa hizi ni mzito kuliko hewa. Unashuka shimoni na kukaa. Mtu anaanza kuona kizunguzungu, akidondoka mwenzake anaingia kumtoa naye anavuta uleule, na cheche moja ya taa au ya simu inatosha kuwaka. Sisi tunapulizia uwanjani, lori likiwa juu ya njia ya kupandia ya magogo na stendi za chuma, matairi yamekingwa mbele na nyuma, upepo wa kusi ukiwa mgongoni mwa anayepuliza. Barakoa ya rangi yenye chujio, miwani, glavu, mikono mirefu. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulalia chini yake. Gharama ya barakoa siidai kwa mtu yeyote.

Wenzangu wengi wanatumia oili chafu. Wanachanganya na dizeli kidogo, wanapuliza, lori linang'aa, na hawajalipa kitu. Naelewa sababu, hela haipo. Lakini oili iliyotoka kwenye injini ina tindikali, masizi na vipande vya chuma, inavimbisha mipira, inashika vumbi la njia nzima mpaka chesesi inavaa blanketi la uchafu wenye unyevu. Inadondoka uani ambako watoto wanacheza na kuku wanachakura, na mvua inaipeleka kisimani. Ina kemikali zinazoleta saratani ya ngozi kwa mtu anayeigusa miaka mingi. Kama huna hela ya dawa mwaka huu, osha kwa maji mazuri, kausha, piga brashi, na paka grisi kwenye hanga na kwenye viungo vya springi. Umefanya zaidi ya aliyemwaga ndoo ya oili chafu juu ya tope.

Katika kufuatilia dawa hizi nilikutana na jambo linalotuhusu sana sisi wa kusini. Ganda la korosho lina mafuta makali, yale yanayoungua ngozi ya mbanguaji. Kwa mafuta hayo hutengenezwa kigandishi, kinachozifanya rangi za epoksi zikauke na kuwa ngumu, na rangi hizo hupakwa meli na vyuma vya baharini kuzuia kutu. Unga wa mafuta hayo yakigandishwa huingia pia kwenye viatu vya breki. Sehemu kubwa ya korosho yetu inaondoka ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, na ganda linaondoka nalo. Kwa hiyo malori yetu yanabeba kinga ya kutu hadi bandarini, sisi tunaliwa chesesi, na inarudi kwenye makopo ya bei ghali. Viwanda vya kubangua vinapozungumzwa, mimi nawaza lile ganda. Nataka siku moja ninunue ngoma ya dawa iliyotengenezwa Mtwara, na nitakuwa wa kwanza kuijaribu.

Baada ya dawa, kinachobaki ni tabia za kila safari. Chumvi haipakiwi kwetu bila turubai zito la plastiki chini yake, limekunjwa pande na kuachwa mdomo kwa nyuma, ili maji ya viroba yatokee mkiani na yasipite kwenye mbao. Turubai hilo limezuia kutu kuliko dawa yoyote, na linanunuliwa duka lolote la vifaa. Mzigo ukishuka, bodi linafagiwa na lori linasuuzwa siku hiyohiyo, siyo Jumapili. Matangi ya upepo yanafunguliwa koki kila jioni kutoa maji ya ndani. Dereva akilala chini kukagua springi anapitisha kidole kwenye reli: kikitoka na mafuta, sawa, kikitoka kikavu, anaandika mahali hapo kwenye daftari la lori. Kawaida ni nyuma ya matairi ya nyuma na juu ya ekseli, na tunaongezea hapo kwa kopo la mkono Oktoba, kabla ya korosho.

Fuso ya kwanza, ile ya baba, ina chuma kimoja cha kukingama juu ya difu ambacho kilishaliwa kabla hatujaanza utaratibu huu. Tumekibadilisha kwa bolti, bila kuchomelea reli, na juzi mzee wa Mikindani alikuja kuigonga. Alikubali reli zote mbili, akakataa hanga moja ya kushoto. Imeagizwa, na lori halibebi chumvi mpaka ifungwe.